Bangili iliyorudi ndani ya bahasha: shajara ya kutunga seti upya

Siku ya 1

Shangazi amenirudishia bangili niliyomtungia mwaka jana. Kwa kweli iliyorudi ni bahasha. Ukiitikisa inalia kama kayamba.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nilikuwa nafua, nikasikia chururu! Shanga hizoo, zimejaa beseni. Nyingine zimekwenda na maji."

Hakugomba, na hilo ndilo lililoniuma. Akaongeza kwamba hereni za seti ile ile aliacha kuzivaa zamani, masikio yanamwasha. Mkufu bado mzima, lakini alipoutoa niliona ulivyokakamaa: haulali shingoni, umesimama kama kamba ya kuanikia nguo.

Basi natunga seti nzima upya. Sharti ni kwamba avae kila siku, afue nayo, alale nayo akisahau kuivua. Nimempima kifundo cha mkono kabla hajabadili mawazo: sentimita 16.5.

Siku ya 2

Nimemwaga mabaki juu ya kitambaa cheusi na kuyatazama kwa lenzi. Nilitaka kujua uzi ulikatika wapi hasa. Haukukatika katikati. Umekatika mahali ambapo kristali ya mwisho ilikutana na pete ya kishikizo, na ncha yake imechambuka kama mkia wa kamba kuukuu. Kristali zilizochongwa pembe zina midomo mikali ya tundu. Mkono ukikunjwa, uzi unapinda juu ya mdomo ule na kukatwa kidogo kidogo, maelfu ya mara.

Kosa la pili: nilipitisha uzi kwenye pete ya kishikizo mara moja tu. Kosa la tatu, ambalo naona haya kuliandika: fundo liko nje, ukingoni, limezungushiwa gundi. Gundi ikikauka inakuwa ngumu, na uzi laini unapotoka kwenye kitu kigumu hukatikia hapo hapo mpakani.

Kuna na la nne, halihusu kukatika. Shanga za rangi ya dhahabu zimebaki na dhahabu kwenye matundu tu. Upande uliogusa ngozi zimekuwa kijivu.

Mwaka jana niliipiga picha bangili hii kutoka juu, mara ishirini hivi. Nyuma yake sikuipiga hata mara moja.

Siku ya 3 hadi ya 6

Sijashika sindano. Siku hizi nne zimekwenda kwenye kujaribu rangi, kazi ya kuchosha ambayo mwaka jana niliiruka.

Ushanga wa glasi hupata rangi kwa njia kadhaa, na kila njia ina tabia yake. Kama glasi yenyewe ni ya buluu toka ndani hadi nje, hakuna cha kuchubuka, utavaa mpaka uchoke wewe. Kama rangi imepakwa ndani ya tundu, huonekana kuwaka kupitia glasi, lakini nyingine hufifia kwa jua au hulika uzi ukisuguana nayo. Kama ni tabaka jembamba la metali juu ya glasi, jasho na kusuguana huliondoa, isipokuwa liwe limefunikwa na tabaka la kinga. Na zipo zilizochovywa rangi tu. Hizo ndizo zinazodanganya kuliko zote, hasa pinki na zambarau.

Nimechukua rangi nane. Chache za kila rangi zimelala usiku kucha ndani ya asetoni, dawa ya kutolea rangi ya kucha. Chache nimezibandika kwenye kioo cha dirisha, nusu yake nikaifunika kwa karatasi nzito ili nione tofauti. Nyingine nimezitunga kwenye uzi na kuzivaa mimi mwenyewe, nikaoga nazo na kufanya kazi nazo.

Zambarau imegeuza asetoni rangi ya waridi asubuhi ya kwanza. Imetoka. Dhahabu ya kawaida imeanza kupauka siku ya tatu mkononi. Dhahabu yenye kinga haijabadilika. Buluu nzito, krimu, kijani na nyeusi hazijashtuka. Ya nane ni ile yenye fedha ndani ya tundu. Imefaulu, lakini najua kwamba fedha ya ndani huweza kuingia weusi kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo nimeiweka kando. Siku nne hazitoshi kumhukumu jua, nakiri. Zile za dirishani nimeziacha pale pale ziendelee.

Siku ya 7

Mchoro. Bangili itakuwa ya mshono wa peyoti: ukanda bapa ambao kila ushanga unakaa kwenye pengo lililo kati ya wenzake wawili, kama matofali ya ukuta. Nimechagua shanga za silinda, Delica za kampuni ya Miyuki ya Japani, namba 11. (Kwa anayeanza: namba ikikua ushanga unapungua. Namba 6 ni kama milimita 4, namba 8 ni 3, namba 11 ni karibu 2, na namba 15 ni 1.5. Silinda za namba 11 ni ndogo kidogo kuliko za mviringo za namba hiyo hiyo.) Silinda zina kuta nyembamba, tundu pana na kimo kimoja, ndiyo maana ukanda wake hukaa kama kitambaa. Za mviringo zina uzuri wake, hasa kwenye kazi inayotaka kujikunja, lakini ukanda bapa wa shanga za mviringo huwa na mawimbi.

Hesabu. Ukanda una unene, na unene hula nafasi ya ndani: mzunguko wa ndani hupungua kwa unene wa ushanga mara 3.14. Kwa milimita 1.6 napoteza milimita 5. Kwa shanga nene za milimita 8 ningepoteza sentimita 2.5, na hapo ndipo watu hupima mkono vizuri kabisa kisha bangili ikagoma kufunga. Mkono sentimita 16.5, nusu sentimita kwa ajili ya unene, sentimita moja ya kupumulia: jumla 18. Kishikizo kitachukua 2, kwa hiyo ukanda ni sentimita 16.

Ushanga mmoja una kimo cha milimita 1.6 na upana wa 1.3. Ukanda wa safu 20 kwa upana ni sentimita 2.6, kila safu ina shanga 100, jumla 2,000. Gramu moja ina karibu 200, kwa hiyo nahitaji gramu 10, nami nimetenga 14 kwa ajili ya zitakazotupwa.

Rangi nilizozipenda zilikuwa buluu nzito, kijani na dhahabu ile yenye kinga. Nimezipanga kando kando, nikapiga picha kwa simu, nikaitoa rangi picha ibaki nyeusi na nyeupe. Buluu na kijani zikawa kitu kimoja, kijivu kile kile. Macho yangu karibu na taa yaliona rangi mbili. Mtu aliyekaa mbali ataona doa. Kijani nikaitoa, krimu ikachukua nafasi yake. Vidoti vya dhahabu vitashuka kimshazari kuelekea ukingo mmoja, vikipungua taratibu.

Siku ya 8

Kuchambua. Nimezitandaza juu ya velveti na kutoa zilizo nyembamba, nene, zenye tundu la pembeni, zenye mdomo uliovunjika. Katika gramu 14 nimetoa 83. Sizitupi zote, nyembamba na nene nimeziweka kwenye vikopo viwili, maana zipo siku ambazo safu inakataa kunyooka na ushanga mwembamba ndio unaoiokoa.

Siku ya 9 hadi ya 15

Uzi ni ule wa kusukwa wa polithini, jamii ya mshipi wa kuvulia samaki, unene wa milimita 0.15. Hautanuki na hauozi. Sindano namba 10, na namba 12 imekaa tayari kwa matundu yatakayojaa. Nimekata pima moja moja. Uzi mrefu zaidi ya mikono miwili iliyonyooshwa unakusumbua kwa mafundo kuliko unavyokuokolea muda. Kwa jumla bangili itakula karibu pima nne.

Mwanzo wa peyoti ndio unaowakimbiza watu, kwa sababu mzunguko wa kwanza wa shanga unageuka kuwa safu mbili kwa pamoja na kazi inaonekana kama mnyoo anayejinyonganyonga. Dawa niliyoizoea: nafunga ushanga wa kuzuia mwishoni (nitautoa baadaye), natunga 20, kisha narudi kwa kuruka moja na kupita moja, na nashikilia kipande bapa kati ya kidole gumba na cha shahada. Sikiachii mpaka safu ya sita.

Siku ya 11 nilitunga usiku nikiwa nimechoka. Siku ya 12 asubuhi nikaona kidoti kimoja kimesogea, safu kumi nyuma. Nilikaa nacho robo saa nikijishawishi kwamba hakuna atakayeona. Nikakifumua. Kufumua nako kuna adabu yake: toa sindano kwanza, kisha vuta uzi kutoka ushanga mmoja baada ya mwingine. Ukirudi nyuma na sindano njia ile ile, itachoma katikati ya nyuzi zilizosukwa, na hapo umejifunga mwenyewe. Saa mbili za kazi zimekwenda.

Mara nyingine, nilipokuwa nimezidisha ushanga mmoja tu, sikufumua, niliuvunja. Unaingiza sindano ndani ya tundu la ushanga wenyewe ili kuukinga uzi, unafunika kwa kitambaa kwa ajili ya macho, kisha unaubana kwa koleo. Unapasuka kuelekea nje. Ni ushenzi kidogo lakini unafaa, mradi ushanga uwe wa ziada na si wa kukosea rangi, maana pengo litabaki.

Jambo la mkono: ukikaza sana, ukanda unakuwa ubao, ukilegeza, uzi unaonekana kati ya shanga. Nimegundua kwamba mkono wangu wa asubuhi na mkono wangu wa usiku si wa mtu mmoja. Ukipima upana wa ukanda kwa rula, sehemu za usiku zimebana kwa karibu milimita nzima. Tangu siku ya 13 natunga asubuhi tu.

Kuunganisha uzi mpya: sifungi fundo. Mkia wa uzi wa zamani unaingia ndani ya ukanda, unapanda kimshazari shanga sita hivi, unageuka, unashuka, unageuka tena. Mpya unaingia kwa njia hiyo hiyo. Zamu hizo za kona ndizo zinazoushikilia, na hakuna kitu kigumu cha kuukata.

Siku ya 16

Ukanda umekwisha: milimita 159. Milimita moja sitaidai.

Siku ya 17 na 18

Kishikizo. Shangazi hufunga bangili peke yake kwa mkono mmoja, na vidole vyake siku hizi havitaki vidude. Kishikizo kidogo cha springi kinataka kucha na subira. Cha sumaku hufunga chenyewe, ila hujifungua kikinasa kwenye beseni la chuma. Nimechagua kitanzi na kijiti, vyote vya shanga zile zile. Hakuna metali inayosugua uzi, na kijiti hupatikana kwa kupapasa.

Kijiti cha kwanza nilikifanya cha milimita 18 kwa kitanzi chenye uwazi wa 14. Kinafunga vizuri, na kinajifungua vizuri pia ukitikisa mkono. Nimekifanya 24. Hapo kikagoma kuingia, kwa sababu kabla ya kijiti kugeuka lazima nusu yake ipite kwanza, na ukanda wangu mpana ulikuwa unakizuia. Nimekiwekea shingo nyembamba ya shanga nne kwa upana na sentimita moja kwa urefu. Sasa kinaingia kwa ubavu, kinageuka, kinakaa. Uzi wa shingo hiyo nimeupitisha mara nne, maana mzigo wote uko hapo.

Siku ya 20

Hereni. Kwanza ndoano, kwa kuwa ndizo zilizomwasha. Mshukiwa mkuu ni nikeli. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo: chuma kinachopita kwenye tundu la sikio kisiachie nikeli zaidi ya mikrogramu 0.2 kwa sentimita mraba kwa wiki. Kwa kile kinachogusa ngozi tu ni 0.5. Ndoano zangu za mwaka jana ziliandikwa "rangi ya fedha", maneno ambayo hayasemi chochote kuhusu kilicho chini ya rangi. Sasa nimechukua titani, unene wa milimita 0.8. Fedha ya 925 nayo ingefaa, sehemu iliyobaki kwa kawaida ni shaba. Titani nimeipenda kwa sababu haiingii weusi. Ncha zake nimezisaga mpaka haziparuzi upande wa ndani wa shavu. Ngozi ya vidole vyangu imejaa sugu, haiaminiki tena kwa kipimo hicho.

Pete ndogo za kuunganisha hazifunguliwi kwa kupanua. Shika kwa makoleo mawili, upande mmoja usukume mbele, mwingine uvute nyuma, kisha urudishe kwa njia ile ile mpaka usikie ncha zikigusana. Ukipanua, duara linapotea na pengo linabaki, na uzi wa milimita 0.15 hutoroka kwenye pengo ambalo jicho halioni.

Siku ya 21

Vipande viwili vya peyoti vimekamilika, shanga 10 kwa upana, vidoti vikishuka kimshazari kama kwenye bangili. Nimevilaza mezani kando kando. Vyote viwili vinashuka kuelekea kushoto.

Seti inataka vitazamane. Nilishashika mkasi. Kisha, kwa hasira tu, nikakibinua kimoja kwa ncha ya sindano, na vidoti vikashuka kulia. Peyoti bapa haina nyuma! Ushanga ni ule ule pande zote, na ukibinua unapata taswira ya kiooni. Nimetunga miaka yote hii nikiita upande mmoja "mbele" kwa sababu tu ndio niliokuwa nautazama.

Ila kibinuliwe tu, na vituko vyangu vyote vinaonekana: mkia wa uzi uliochomoza, zamu moja iliyopita juu ya ukingo badala ya ndani. Nimeketi saa nzima nikisafisha upande huo. Kisha nikachukua bangili, nikaibinua nayo. Mikia miwili. Nimeirudisha ndani.

Uzito: gramu 3.5 kila hereni pamoja na ndoano. Sawa.

Siku ya 24 na 25

Mkufu. Shanga za glasi za milimita 6, buluu nzito, 71, ili mmoja awe katikati. Urefu pamoja na kishikizo ni sentimita 45, na kwa unene ule utakaa shingoni kama 43. Badala ya uzi natumia waya wa kutungia wenye nyuzi 49 za chuma zilizosukwa, milimita 0.38. Waya wa nyuzi 7 ni rahisi kupatikana lakini ukipindwa vibaya haurudi.

Ule wa zamani ulikakamaa kwa sababu niliubana huku umenyooka mezani. Shanga zilizobanana kwenye mstari ulionyooka hazina pa kwenda zikipindwa. Safari hii nimeuzungusha kwanza kwenye bakuli lenye upana wa shingo, nikaacha nafasi ya milimita 2, ndipo nikabana.

Ncha ya waya hupita kwenye kishikizo na kurudi ndani ya kibomba kidogo laini cha milimita 2, nacho hubanwa kwa koleo lake lenye vishimo viwili. Kishimo cha kwanza kinakandamiza kibomba katikati, kila waya ubaki kwenye chumba chake. Cha pili kinakikunja kiwe duara. Nimejaribu kwanza kwenye kipande cha waya, nikakitundika chupa ya maji ya lita 2. Baada ya dakika kumi chupa ilikuwa sakafuni. Nilipofungua kibomba nikaona waya zilikuwa zimepishana ndani, moja juu ya nyingine, kwa hiyo kimebana mmoja tu. Jaribio la pili nilizitenganisha kwa kucha kabla ya kubonyeza. Chupa imelala ikining'inia mpaka asubuhi.

Kristali nimebakiza mbili tu, pembeni mwa ushanga wa katikati, na kila moja nimeikumbatisha kwa vishanga vya mviringo vya namba 15 huku na huku, ili waya upinde juu ya kishanga badala ya mdomo wa kristali.

Siku ya 26 hadi ya 33

Nimevaa seti yote wiki nzima. Nimefua nayo, nimelala nayo, nimevaa sweta la mikono mirefu. Mkia mmoja wa uzi umechomoza karibu na shingo ya kijiti; nimeurudisha na kuuongezea zamu. Zile za dirishani: krimu imebaki krimu, zambarau iko kama maji.

Siku ya 34

Nimempelekea. Nimeweka na kifuko chenye shanga 30 za ziada, za kopo lile lile, maana buluu ya kopo jingine huenda ikatofautiana kidogo.

Shangazi amevaa hereni kwanza, kisha mkufu, kisha amefunga bangili mwenyewe kwa mkono mmoja. Nikaona vidoti vinashuka upande usio wangu.

"Shangazi, umeigeuza."

"Najua. Hivi vinaelekea kwangu. Vile vingine vilikuwa vinaelekea kwa watu."

Nimetazama upande ule kwa muda, nikitafuta mkia. Hakuna. Tatizo ni kitanzi tu: nilikikalisha kiinamie juu kidogo kufuata upande wangu, na sasa kinamgusa ngozi. Nimeomba anirudishie bangili hadi kesho. Nafumua shanga 12 za mwisho na kukikalisha kwa upande wake.